Dira ya sindano au ya kidijitali: Ipi imfaayo mpiga mbizi wa Malindi na Kilifi?

MPIGA mbizi anapoteremka mita 10 au 15 chini ya bahari, vifaa vingi ambavyo binadamu wa leo amevizoea huwa havina kazi tena. Simu haipati mawasiliano. Mtambo wa GPS, ambao juu ya maji humwonyesha nahodha mahali alipo kwa msaada wa setilaiti, nao hunyamaza, kwa kuwa mawimbi yake ya redio hayapenyi maji ya bahari ila kwa kina kidogo mno. Ufuo hauonekani, mashua haionekani, na jua ni mwanga tu uliotawanyika pande zote. Kinachosalia cha kumwelekeza arudi upande upi ni dira.

Kwa miaka mingi dira hiyo ilikuwa ya aina moja: sindano ya sumaku inayoelea ndani ya mafuta. Katika miongo miwili iliyopita imepata mshindani, yaani dira ya kidijitali, ambayo mara nyingi huwa imo ndani ya tarakilishi ndogo inayovaliwa mkononi ili kupima kina na muda wa mbizi. Waongozaji wa mbizi wa Malindi, Watamu na Kilifi, na hasa vijana wanaojiandaa kuingia katika kazi hiyo, hujikuta wakijiuliza watumie akiba yao kununua ipi.

Swali hili si la urembo wala la kufuata mtindo. Mwongozaji anayekosea njia chini ya maji huwa amebeba uhai wa watu wanne au watano walio nyuma yake, kila mmoja akiwa na hewa ya kupimwa mgongoni. Na jibu lake, tofauti na inavyodhaniwa, halitokani na bei pekee wala upya wa kifaa. Hutokana na bahari yenyewe inayozamiwa.

Maji ya Sabaki

Hifadhi za Bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968 na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za baharini barani Afrika. Wageni huzijia kwa sababu ya matumbawe na samaki wake, na picha zinazosambazwa duniani huonyesha maji ya samawati yaliyo maangavu kama kioo. Picha hizo ni za kweli, lakini si za mwaka mzima.

Kaskazini kidogo mwa mji wa Malindi, mto Sabaki humwaga maji yake baharini. Mto huo ndio ule ule uitwao Athi unapoanzia katika nyanda za juu karibu na Nairobi, na Galana unapopita Tsavo. Mvua za masika na za vuli zinaponyesha bara, mto hushuka na udongo mwekundu wa mashamba na malisho, na rangi hiyo huenea katika ghuba ya Malindi. Wakati wa kusi, mkondo husukuma matope hayo kuelekea kaskazini. Kaskazi inapoanza kuvuma, sehemu ya matope huweza kurudishwa kusini hadi kwenye miamba ya hifadhi. Mahali ambapo juma lililopita mtu aliona umbali wa mita 20, leo huenda asione hata mita tano.

Jambo la pili ni maji kujaa na kupwa. Katika pwani ya Kenya tofauti kati ya maji makuu na maji madogo inaweza kukaribia mita nne wakati wa bamvua. Maji hayo yote yanapoingia na kutoka katika hori ya Mida au hori ya Kilifi kupitia mlango mwembamba, mkondo huwa mkali. Wapiga mbizi wanaozuru mapango ya Tewa, kwenye mlango wa Mida, hulazimika kupanga saa ya kuteremka kwa kufuata maji, si kwa kufuata nafasi ya mgeni.

Ni katika mazingira haya ndipo dira huacha kuwa pambo. Pale maji yanapokuwa maangavu, mwongozaji hufuata alama anazozijua: jiwe fulani, bonde la mchanga, ukingo wa mwamba. Maji yanapochafuka alama hizo hupotea zote kwa pamoja.

Kwa bahati njema, pwani hii ina kanuni moja iliyo rahisi kukumbukwa. Kutoka Malindi hadi Kilifi, bahari iko mashariki na nchi kavu iko magharibi, au kaskazini magharibi pale pwani inapopinda. Aliyepotea njia lakini ana dira nzima, angalau hatazidi kuogelea kuelekea India.

Sindano na mafuta

Dira si ngeni katika bandari hizi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili mwaka 1498, alikuwa akitafuta mtu wa kumvusha hadi Bara Hindi. Kumbukumbu za safari hiyo zinaeleza kwamba mabaharia Waislamu ambao Wareno walikutana nao katika pwani ya Afrika Mashariki walikuwa tayari wakitumia dira za sindano na ramani. Rubani aliyepewa Malindi aliwafikisha Wareno karibu na Calicut mnamo Mei 20, chini ya mwezi mmoja baada ya kung'oa nanga.

Dira ya sindano ya mpiga mbizi wa leo hufanya kazi kwa kanuni ile ile. Ndani ya kikombe kilichofungwa kabisa kuna sindano au sahani yenye sumaku, iliyowekwa juu ya ncha nyembamba ili izunguke bila kizuizi. Kikombe hujazwa mafuta ambayo hutuliza mtikisiko wa sindano, na kwa kuwa kioevu hakibanwi kama hewa, shinikizo la maji halikiponyoki kikombe hicho kukivunja. Katika kina cha mita 30 shinikizo huwa mara nne ya lile la juu ya maji, na dira iliyotengenezwa vyema haitambui tofauti hiyo. Kampuni ya Suunto ya Finland, ambayo jina lake hujulikana na wapiga mbizi wengi, ilianzishwa mwaka 1936 kwa msingi wa ufundi wa kutengeneza dira za namna hii kwa wingi.

Nje ya kikombe huwa kuna pete inayozungushwa kwa vidole, iliyochorwa nyuzi kuanzia 0 hadi 360, na mstari wa mwelekeo unaopita katikati. Mpiga mbizi huelekeza mstari huo anakotaka kwenda, huizungusha pete hadi alama zake ziikumbatie ncha ya sindano, kisha huogelea akihakikisha sindano haitoki katikati ya alama hizo. Hahitaji kusoma nambari yoyote. Anapotaka kurudi alikotoka, hugeuka hadi ncha ya pili ya sindano iingie mahali pale pale.

Urahisi huo una thamani kubwa kuliko unavyoonekana. Katika kina cha kuanzia mita 30 hivi, naitrojeni iliyomo katika hewa huweza kumlewesha mpiga mbizi na kuzipunguza akili zake kasi. Kutazama kama sindano imo ndani ya alama au imetoka ni kazi inayowezekana hata kwa kichwa kizito. Isitoshe, dira hii haina betri, haina kitufe na haina ujumbe wa hitilafu.

Uzani usiofaa Kenya

Hata hivyo, dira ya sindano ina kasoro moja ambayo wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki hawaambiwi. Nguvu ya usumaku ya dunia haielekei kaskazini tu, huinama pia. Barani Ulaya nguvu hiyo huivuta ncha ya kaskazini ya sindano kuelekea chini ardhini. Ili sindano ikae sawasawa, mtengenezaji huiwekea uzani mdogo upande wa kusini.

Ikweta ya usumaku, yaani mstari ambao juu yake sindano haiinami upande wowote, haifuatani na ikweta ya kwenye ramani. Katika eneo letu mstari huo hupita kaskazini kabisa, huko Ethiopia. Maana yake ni kwamba Kenya nzima iko kusini mwa ikweta ya usumaku, na huku ni ncha ya kusini ndiyo inayovutwa chini. Dira iliyosawazishwa kwa matumizi ya Ulaya ikiletwa Malindi hupata mzigo mara mbili: uzani wa kiwandani na mvuto wa ardhi huivuta ncha moja. Sahani huinama, hugusa ukingo wa kikombe, na badala ya kuzunguka hukwama.

Dira iliyokwama haipigi kelele. Huendelea kuonyesha upande fulani kwa utulivu, na anayeitazama humwamini msema uongo.

Jambo hili si dogo kwa Malindi na Watamu, ambako wageni wengi hutoka Italia, Ujerumani na Uingereza wakiwa na vifaa vyao, na ambako kifaa kilichotumika huweza kupita kutoka kwa mgeni hadi kwa mwenyeji kama zawadi au kwa bei nafuu. Watengenezaji wakubwa huuza dira moja kwa matoleo tofauti, moja la kaskazini mwa dunia na jingine la kusini, na wengine huuza dira inayofanya kazi popote. Kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kuuliza ni toleo gani.

Asiyeweza kupata jibu anaweza kuijaribu dira mwenyewe. Aishike sawasawa kwenye kiganja, ajizungushe polepole duara zima, na kuangalia kama sahani inaelea bila kusita. Kisha aiinamishe kidogo kushoto, kulia, mbele na nyuma, na kurudia duara. Dira inayosita nchi kavu haitapata nafuu majini.

Wakazi wa pwani wana kipimo kingine cha kukadiria ambacho hakihitaji kununuliwa. Makka iko karibu kaskazini kabisa kwa Malindi na Kilifi, kiasi kwamba tofauti haifiki wuzi mmoja. Kwa hivyo sindano ya dira inayofanya kazi, ikisomwa uwanjani mbali na magari na mabati, inapaswa kuelekea takriban upande mmoja na kibla. Tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini halisi, ambayo katika nchi nyingine ni kubwa, hapa ni ndogo kiasi cha mpiga mbizi kutohitaji kuijali.

Vihisi na betri

Dira ya kidijitali haina sindano. Ndani yake mna vihisi vidogo vinavyopima nguvu ya usumaku katika pande tatu, na vingine vinavyotambua kifaa kimeinama kiasi gani. Tarakilishi huchanganya vipimo hivyo na kuonyesha mwelekeo kwa tarakimu: 90 kwa mashariki, 180 kwa kusini, 270 kwa magharibi.

Kwa kuwa hesabu ndiyo inayosahihisha mwinamo, kifaa hiki hakijali kama kimo Italia au Kilifi, mradi kimesawazishwa. Mpiga mbizi anaweza kukisoma hata mkono wake ukiwa haukukaa sawa, jambo ambalo dira nyingi za sindano hazilivumilii. Kioo chake huwaka, hivyo husomeka usiku na katika maji yenye matope, na tarakimu kubwa huwasaidia wale ambao macho yao yameanza kuchoka. Aidha, mwelekeo wa kwenda unaweza kuhifadhiwa kwa kubonyeza kitufe, na kifaa chenyewe kikamwonyesha mtu mwelekeo wa kurudi bila yeye kujumlisha wala kutoa 180.

Faida hizo huja na masharti. La kwanza ni betri. Dira ikiwashwa, tarakilishi hutumia umeme zaidi, na baadhi ya vifaa huizima dira vyenyewe baada ya muda ili kuhifadhi nguvu. Mwongozaji anayepiga mbizi mbili au tatu kwa siku, siku sita kwa juma katika msimu wa wageni, hana budi kukumbuka kuchaji kila usiku, na usiku wa umeme kukatika pwani si jambo la ajabu. Betri ikiisha majini, hapotezi dira peke yake. Hupoteza pia kipimo cha kina na cha muda, kwa kuwa vyote vimo katika kifaa kimoja.

Sharti la pili ni kusawazisha upya. Baada ya kubadilisha betri, au baada ya safari ndefu kutoka nchi nyingine, kifaa huhitaji kuzungushwa pande zote kama maagizo yake yanavyosema ili kijifunze usumaku wa mahali kilipo. Kazi hiyo ikifanywa ndani ya mashua kando ya injini, kifaa hujifunza usumaku wa injini badala ya ule wa dunia, na kitakosea kwa ujasiri mbizi nzima. Ni bora ifanywe ufuoni, juu ya mchanga mtupu, kabla ya kupanda chomboni.

La tatu ni bei. Dira ya sindano inayotegemewa hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya tarakilishi ya mbizi yenye dira. Na kifaa cha kidijitali kikiingia maji kupitia kifuniko cha betri, fundi wa ufukweni mara nyingi hawezi kukirejesha.

Chuma, tochi na sumaku

Kuna adui mmoja ambaye dira zote mbili humwogopa kwa usawa, naye ni chuma. Meli ya MV Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 kaskazini mwa Mombasa ili iwe makazi ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi, ni mlima wa chuma. Ndivyo yalivyo pia majukwaa ya kituo cha anga cha San Marco, yaliyosimama baharini karibu na Ngomeni, ambako Waitalia walirusha setilaiti kati ya mwaka 1967 na 1988. Karibu na vitu kama hivyo, dira ya aina yoyote huelekea kwenye chuma kilicho jirani. Mwelekeo wa kurudi husomwa kabla ya kukikaribia, au baada ya kuondoka mita kadhaa.

Si kila mabaki ya chombo yana tatizo hilo. Katika jahazi la kale lililochunguzwa na wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya karibu na Ngomeni, kulipatikana pembe za ndovu na vipande vya shaba nyekundu. Pembe na shaba haziivuti sindano hata kidogo.

Chuma kingine mpiga mbizi hujibebea mwenyewe. Mitungi ya aluminiamu, ambayo hutumika sana katika nchi za joto, haina madhara. Ya chuma inaweza kuwa nayo ikiwa dira imesogezwa karibu sana, kwa mfano mtu anapoogelea sambamba na mwenzake. Tochi nyingi za mbizi huwashwa kwa swichi yenye sumaku ndani, na ikishikwa kwa mkono ule ule wenye dira huipotosha. Vipaza sauti vya simu vina sumaku pia, na sindano iliyolala usiku kucha kando yake inaweza kudhoofika au hata kugeuka ncha.

Hata dira mbili huweza kuharibiana. Sindano ni sumaku, na kihisi cha kidijitali kilicho karibu nayo husoma sumaku hiyo. Anayebeba zote mbili hutakiwa kuvaa moja mkono wa kushoto na nyingine mkono wa kulia, au moja kuifunga pamoja na geji ya hewa. Asipofanya hivyo atakuwa na manahodha wawili katika chombo kimoja, na wahenga walikwisha sema jinsi chombo hicho kiendavyo mrama.

Mkondo usioonekana

Baada ya kulinganisha yote hayo, ipo kazi moja ambayo dira zote mbili haziwezi kuifanya. Dira humwambia mtu ameelekea wapi. Haimwambii anakwenda wapi.

Chukua mfano wa mpiga mbizi aliye mita 150 mashariki mwa mashua yake. Anaelekea magharibi barabara, akiogelea mita 15 kwa dakika, kwa hiyo anatarajia kufika baada ya dakika 10. Lakini upo mkondo wa nusu noti unaokwenda kaskazini. Nusu noti ni mwendo mdogo ambao juu ya maji hauonekani, ila kwa dakika moja humsogeza mtu mita 15 hivi. Dakika 10 zikiisha, atakuwa mita 150 kaskazini mwa mashua, ilhali dira yake, ya sindano au ya kidijitali, ilionyesha magharibi bila kukosea hata mara moja.

Kosa la kusoma nalo lina gharama. Anayekosea kwa nyuzi tano katika umbali wa mita 200 hufika mita 17 kando ya alikokusudia. Akikosea kwa nyuzi 10, huwa mita 35. Maji yakiwa maangavu ataiona kamba ya nanga hata hivyo. Maji yakiwa ya rangi ya Sabaki, na umbali wa kuona ni mita tano, ataipita bila kujua.

Ndiyo maana waongozaji wazoefu huanza mbizi kwa kuogelea kinyume cha mkondo, ili wakati hewa imepungua na miguu imechoka, mkondo uwe msaidizi wa kurudi. Pale mkondo unapokuwa na nguvu, huacha kabisa wazo la kurudi kwenye nanga. Hujiachia wachukuliwe, huku mashua ikilifuata boya wanalolikokota. Huhesabu mapigo ya miguu kwenda na kurudi, na kuitazama geji kabla ya kuitazama dira. Shirika la PADI, lililoanzishwa Marekani mwaka 1966 na ambalo vyeti vyake hutumika sana duniani, limeifanya mbizi ya kujielekeza kwa dira kuwa moja ya mbizi mbili za lazima katika kozi yake ya daraja la pili. Sababu ni kwamba ujuzi huo haununuliwi pamoja na kifaa.

Nani achague ipi

Kwa mwongozaji anayeanza kazi Malindi, Watamu au Kilifi na ana fedha za kununua kifaa kimoja, dira ya sindano iliyosawazishwa kwa kusini mwa dunia, au ile ya matumizi ya popote, ndiyo chaguo la busara. Bei yake haimfilisi, haihitaji umeme, na kasoro zake huonekana kwa macho kabla ya kuteremka. Fedha zinazobaki ni afadhali zitumike kwa boya na kwa mbizi za mazoezi.

Kwa mtafiti anayepima matumbawe, anayetaka mwenzake arudi mwakani kwenye mstari ule ule, dira ya kidijitali ina faida iliyo wazi. Nambari huandikwa daftarini, na mwelekeo wa nyuzi 215 ni ule ule kwa kila asomaye. Vivyo hivyo kwa anayepiga mbizi za usiku mara kwa mara, au ambaye hawezi kusoma pete ndogo bila miwani.

Mgeni ambaye tarakilishi yake tayari ina dira hana haja ya kuitupa. Aisawazishe upya akishafika, achaji betri, na mfukoni awe na dira ndogo ya sindano. Mpangilio bora kwa yeyote awezaye kuumudu ni huo: ya kidijitali kwa kazi ya kila siku, ya sindano kwa siku ambayo kioo kitazimika.

Utunzaji wake hauna siri. Dira zote husuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kila mbizi, na pete ya ile ya sindano huzungushwa ndani ya maji hayo ili chumvi isiigandishe. Isiachwe juani sakafuni mwa mashua, kwa kuwa joto huyapanua mafuta na kuulegeza muhuri. Kiputo kidogo cha hewa kinachotokea baada ya safari ya ndege kwa kawaida hutoweka. Kiputo kinachokua siku baada ya siku ni dalili kwamba mafuta yanavuja, na dira hiyo imefika mwisho.

La mwisho hufanywa kabla miguu haijagusa maji. Mashua ikiwa bado juu ya mwamba, na ufuo ukiwa bado unaonekana, kila mpiga mbizi huelekeza dira yake nchi kavu na kusoma mwelekeo kwa sauti. Wote wakitaja nyuzi zinazokaribiana, wanateremka. Mmoja akitaja tofauti, dira yake hukaguliwa papo hapo, mahali ambapo kosa bado halina gharama.